KIMULIMULI: MDUDU ASEMAYE KWA MWANGA

Utangulizi

Katika mtihani mmoja wa kozi yetu ya tafsiri tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kifungu kifupi cha Kiingereza kuhusu mdudu anayetoa mwanga usiku. Kifungu chenyewe hakikuwa kigumu. Hata hivyo, tulipokaa kusahihisha tulikutana na mambo mawili, nayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala hii.

Jambo la kwanza ni kwamba wanafunzi kadhaa walimwita mdudu huyo "mnyoo unaong'aa". Hatuwalaumu sana. Kiingereza humwita kwa jina lililojengwa kwa neno lenye maana ya mnyoo, na Kifaransa, ambacho baadhi yao wamekisoma kwa miaka mingi, hufanya vivyo hivyo. Walitafsiri neno kwa neno, na tafsiri ya neno kwa neno ikawapotosha.

Jambo la pili lilitugusa zaidi. Wale waliopata jina sahihi, yaani kimulimuli, karibu wote waliandika "kimulimuli kinawaka" badala ya "kimulimuli anawaka". Tulipowauliza darasani, mmoja wao alijibu bila kusita: "Mwalimu, kwani si ile taa ya juu ya gari la polisi?"

Hapo tukatambua kwamba kosa halikuwa la sarufi. Upatanisho walioutumia ulikuwa sahihi kabisa kwa kitu walichokuwa wakikifikiria. Vijana hawa, ambao wengi wao wamezaliwa na kukulia mjini, wanalijua jina lakini hawajapata kumwona mwenye jina. Taa ya gari ilipewa jina la mdudu. Sasa mdudu anaanza kusahauliwa na taa ndiyo inayobaki na jina.

Makala hii basi inakusudia kumrudisha mdudu huyu kwa msomaji: ni nani, mwanga wake unatoka wapi na kwa nini anautoa. Sisi ni walimu wa lugha, si wanabayolojia. Lakini kadiri tulivyoendelea kusoma habari zake ndivyo tulivyoona kwamba mambo yake hayako mbali na kazi yetu. Mwanga wa kimulimuli ni kauli. Una msemaji, una anayeambiwa, una maana, na kama kauli nyingine yoyote, unaweza kumezwa na kelele.

Jina lenyewe

Tuanze na jina. Kimulimuli linatokana na mzizi uleule tunaoukuta katika kitenzi mulika. Hapa kwetu Rwanda, na kwa majirani zetu wa Burundi, mzizi huo si mgeni: urumuri ni mwanga, na kumurika ni kumulika. Mwanafunzi wa Kinyarwanda au Kirundi anaweza kulifikia neno hili la Kiswahili kwa kupitia mlango wa lugha yake mwenyewe.

Tazama pia uradidi uliomo: muli-muli. Katika Kiswahili uradidi mara nyingi huonyesha jambo linalojirudiarudia, na hivyo ndivyo mwanga wa mdudu huyu unavyoonekana machoni: unawaka, unazima, unawaka tena. Wapo pia wanaomwita kimetameta, kutokana na kitenzi metameta. Majina yote mawili yanataja tendo lake wala hayajishughulishi na umbo lake. Kwa hiyo Kiswahili hakikuingia katika mtego wa kumwita mnyoo.

Kimulimuli ni nani?

Kimulimuli ni mbawakawa, yaani mmoja wa wale wadudu ambao mbawa zao za juu ni ngumu na hufunika mbawa laini za kurukia. Ni jamaa wa mbali wa fukusi na dumuzi wanaotoboa mahindi ghalani. Wataalamu wameorodhesha zaidi ya spishi 2,000 za vimulimuli duniani, na Afrika Mashariki na Kati ni miongoni mwa makazi yao.

Kama walivyo mbawakawa wengine, kimulimuli hupita katika hatua nne: yai, lava, bundo na mdudu kamili. Lava ndiye yule mtoto mrefu mwenye pingili, anayetambaa chini kwenye nyasi na majani yaliyooza. Anapenda mahali penye unyevu kwa sababu chakula chake kikubwa ni konokono, wenye gamba na wasio na gamba. Humuuma konokono na kumtia sumu inayompoozesha na kumlainisha, kisha humla taratibu.

Hebu sasa tumwangalie mmoja aliyechunguzwa kwa muda mrefu, kimulimuli wa Ulaya ambaye jina lake la kisayansi ni Lampyris noctiluca. Dume la spishi hii lina mbawa na linaruka. Jike halina mbawa kabisa. Hata akishakua anaendelea kufanana na lava: mwili mrefu, pingili, miguu mifupi. Ni yeye aliyewafanya watu wa Ulaya waseme "mnyoo". Waliona kitu chenye umbo la mnyoo kikiwaka kwenye majani, wakakipa jina kwa umbo lake.

Maisha yake ni ya kushangaza. Hukaa katika hali ya lava kwa muda wa miaka miwili hivi, akila konokono na kuweka akiba mwilini. Akishakuwa mdudu kamili hali tena. Siku chache anazobakiwa nazo anaziendesha kwa akiba ile, na kazi yake ni moja tu: kupata mwenzi na kutaga mayai. Kila jioni ya kiangazi cha Ulaya, giza linapoingia, hupanda kwenye jani, hupinda ncha ya tumbo lake ili sehemu inayowaka ielekee juu, na kukaa hapo akiwaka rangi ya kijani.

Mwanga unapatikanaje?

Sote tunajua taa zinazotoa mwanga kwa kuunguza kitu. Kibatari huunguza mafuta, na mshumaa huunguza nta. Balbu ya zamani ya waya nayo, ingawa haiunguzi mafuta, hutoa mwanga kwa sababu waya wake umepashwa moto mpaka ukawaka. Ndiyo maana chini ya sehemu moja ya kumi ya umeme wake hugeuka kuwa mwanga, na sehemu kubwa iliyobaki hupotea kama joto. Kimulimuli hafanyi hivyo. Mshike kiganjani anapowaka, hutasikia joto lolote. Mwanga wake huitwa mwanga baridi, nao hutokana na kemikali zinazokutana ndani ya mwili wake.

Kwamba hewa inahusika na mwanga wa viumbe lilikuwa jambo lililodokezwa zamani. Katika miaka ya 1660, Mwingereza Robert Boyle aliweka vipande vya mti uliooza na samaki vilivyokuwa vikitoa mwanga ndani ya chombo cha kioo, kisha akaiondoa hewa kwa pampu. Mwanga ukafifia. Aliporudisha hewa, mwanga ukarudi.

Hatua kubwa iliyofuata ilipigwa na Mfaransa Raphaël Dubois mwaka 1885. Alitumia mbawakawa wa Amerika ambaye naye hutoa mwanga, ingawa si wa familia ya vimulimuli. Alisaga kiungo chake cha mwanga katika maji baridi. Mchanganyiko ukawaka kwa muda kisha ukazima. Akachukua kiungo kingine, akakitia katika maji ya moto, nacho kikazima. Alipochanganya vimiminika hivyo viwili, ambavyo kila kimoja peke yake kilikuwa giza, mwanga ukatokea upya.

Dubois akafahamu kwamba mwanga unahitaji vitu viwili. Kimoja ni kama kuni: kinastahimili maji ya moto, lakini hutumika kikaisha. Cha pili huwezesha kuni hizo kuwaka bila chenyewe kuisha, ila huharibiwa na joto. Kile cha kwanza alikiita lusiferini, kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "mchukua mwanga", na cha pili lusiferasi. Lusiferasi ni kimeng'enya, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kikemikali mwilini, kama vile vilivyomo katika mate yetu vinavyoanza kumeng'enya ugali tukiwa bado tunatafuna.

Lakini nguvu za kuwasha taa hiyo zinatoka wapi? Jibu lilitolewa mwaka 1947 na Mmarekani William McElroy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore. Ili apate wadudu wa kutosha aliwalipa watoto wa mji huo senti 25 kwa kila vimulimuli 100 waliomletea. Kwa kutumia wadudu hao alionyesha kwamba mwanga hautokei pasipokuwa na ATP. Hii ni molekuli iliyomo katika seli zote zilizo hai, za mimea, za wanyama na za binadamu, na ndimo seli zinamochota nguvu za kufanyia kazi zake. Nguvu inayokunja msuli wa mkono wako unapofungua ukurasa huu ndiyo hiyohiyo inayowasha taa ya kimulimuli.

Kwa ufupi basi, mambo hufuatana hivi. Lusiferini hushikana na ATP kwa msaada wa lusiferasi na magnesiamu kidogo. Kisha oksijeni inaingia. Lusiferini hubadilika, hewa ya ukaa hutoka, na molekuli inayobaki huwa imejaa nishati kupita kiasi. Molekuli hiyo haiwezi kudumu katika hali hiyo, kwa hiyo huitua nishati yake, nayo hutoka kama chembe ya mwanga.

Hapa tuna jambo la kusahihisha. Vitabu na magazeti mengi yameandika kwamba taa ya kimulimuli karibu haipotezi chochote. Mwaka 1960 vipimo vilionyesha kwamba kati ya molekuli 100 za lusiferini, 88 hutoa mwanga. Watafiti wa Japani walipopima upya kwa vyombo bora zaidi mwaka 2008 walipata 41 hivi. Kwa hiyo sifa ile ya zamani ilizidishwa. Hata hivyo hakuna haja ya kumvunjia heshima mdudu wetu: hata hizo 41 ni nyingi kwa mwanga wa viumbe, na bado hachomi mtu kiganja.

Kuwasha na kuzima

Kiungo cha mwanga kiko upande wa chini, kwenye pingili za mwisho za tumbo. Ngozi ya hapo inapitisha mwanga kama kioo. Nyuma ya seli zinazowaka kuna tabaka la seli zenye chembechembe nyeupe zinazorudisha mwanga nje, kama ile sahani inayong'aa nyuma ya balbu ya tochi. Vijirija vya hewa vimetapakaa katika kiungo hicho, pamoja na mishipa ya fahamu.

Vimulimuli wa Ulaya tuliowataja huwaka mfululizo. Lakini spishi nyingi nyingine humweka kwa vipindi vifupi vilivyopimwa, na swali lililowasumbua wataalamu ni jinsi mdudu anavyoweza kuwasha na kuzima upesi hivyo. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitoa maelezo kwamba ufunguo ni gesi iitwayo oksidi ya nitriki. Katika hali ya kawaida oksijeni inayoingia humalizwa na sehemu za seli zinazotengeneza nguvu kabla haijaifikia lusiferini. Amri ya ubongo inapofika, oksidi ya nitriki hutolewa na kuzisimamisha sehemu hizo kidogo. Oksijeni hupata njia, hufika ilipo lusiferini, na mwanga humweka. Gesi ikitoweka, njia hufungwa na giza hurudi.

Kwa nini awake?

Tumekwisha kuona namna. Sasa tuangalie sababu, na hapa ndipo mwalimu wa lugha anapojisikia yuko nyumbani. Mwanga uleule, uliotengenezwa kwa kemikali zilezile, hubeba maana tofauti kulingana na nani anausema na kwa nani.

Maana ya kwanza ni wito. Jike la Ulaya lililokaa juu ya jani linasema: "Nipo hapa." Dume linalopita angani lina macho makubwa yanayotazama chini, na kazi ya macho hayo ni kuusoma ujumbe huo. Likiuona hujishusha mpaka lilipo jike. Wakishapandana, jike huzima taa, hutaga mayai na baadaye hufa. Hana sababu ya kusema tena, maana alilotaka kulisema limesikika.

Kwingine wito huo ni mazungumzo ya pande mbili. Kuna spishi ya Amerika Kaskazini iitwayo Photinus pyralis. Dume huruka huku likimweka kila baada ya sekunde tano au sita. Jike, ambalo limetulia kwenye nyasi, husubiri kama sekunde mbili ndipo lijibu kwa mmweko mmoja. Kusubiri huko ni sehemu ya lugha. Jibu likija mapema mno au likichelewa, dume halifiki, kwa maana huyo si wa kabila lake. Kila spishi ina urefu wake wa mmweko, idadi yake ya mimweko na muda wake wa kujibu. Wazungumzaji wa lugha nyingi wanaweza kukaa katika bustani moja, usiku mmoja, na kila mmoja akamsikia wa kwao.

Maana ya pili ni onyo. Lava wa vimulimuli nao huwaka, ilhali hawazai wala hawatafuti wenzi. Wanamwambia nini nani? Wanamwambia adui: "Usinile." Vimulimuli wengi wana kemikali chungu au zenye sumu mwilini, na adui aliyewahi kumwonja mmoja hatamani kurudia. Watafiti wa Ubelgiji waliwajaribu chura kwa vitu bandia vilivyotengenezwa vifanane na lava. Chura waliokwisha kukutana na lava wa kweli walisita kuvishambulia vile vilivyokuwa vikiwaka. Kwa hiyo inaelekea kwamba mwanga ulianza kwa watoto kama onyo, na wakubwa wakaja kuutumia kama wito. Hata katika lugha zetu maneno huhama vivyo hivyo kutoka matumizi haya kwenda mengine.

Maana ya tatu ni hadaa. Mwaka 1965 Mmarekani James Lloyd alieleza jinsi majike ya jamii ya Photuris yanavyojua kujibu lugha ya wengine. Dume la Photinus linapita likiita. Jike la Photuris, lililotulia kimya kwenye majani, huhesabu muda na kujibu sawasawa kama ambavyo jike la Photinus lingejibu. Dume hushuka kwa furaha na kuliwa. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Baadaye, mwaka 1997, ilionyeshwa kwamba majike hayo hayatafuti shibe tu. Kwa kula Photinus huipata ile sumu ambayo wao wenyewe hawana ya kutosha, nayo huwakinga dhidi ya buibui na ndege.

Wa jina moja, ukoo mbali

Kabla hatujaendelea, tumtaje kiumbe mwingine ambaye katika Kiingereza huitwa kwa jina lilelile la mnyoo wa mwanga. Huyu anaishi katika mapango na misitu yenye unyevu ya Nyuzilandi na Australia, na si mbawakawa hata kidogo. Ni lava wa inzi mdogo anayefanana na mbu, na jina la jamii yake ni Arachnocampa. Maarufu zaidi ni wale wa mapango ya Waitomo, Nyuzilandi, ambayo Tane Tinorau, chifu wa Wamaori, aliyapitia kwa chelezo mwaka 1887 akiwa na Mwingereza Fred Mace.

Lava hawa hujishikiza kwenye dari la pango na kuning'iniza nyuzi za hariri zenye matone ya kunata, kisha huwasha mwanga wa kibuluu. Wadudu wadogo wanaozaliwa ndani ya mto wa pangoni huuona mwanga huo, pengine wakaudhania kuwa ni uwazi wa anga, hupaa kuufuata na kunasa. Hata kiungo chao cha mwanga ni kingine: kimetokana na mirija ya mwilini inayotoa uchafu. Huu ni mfano mzuri kwa mfasiri. Jina moja la Kiingereza linawabeba viumbe wawili ambao si ndugu, na anayetafsiri jina bila kuuliza ni kiumbe gani kinachozungumziwa atawachanganya wasomaji wake.

Kimulimuli katika tiba

Msomaji anaweza kuuliza: elimu hii inatufaa nini? Inafaa sana. Kwa kuwa mwanga hautokei bila ATP, na ATP imo katika kila kilicho hai, lusiferini na lusiferasi vimekuwa kipimo cha uhai. Katika viwanda vya vyakula na hospitali, mtu hupangusa meza au chombo kwa kijiti cha pamba, hukitia katika dawa yenye vitu hivyo viwili, na mashine husoma mwanga. Mwanga mwingi ni ishara kwamba mahali hapo pana mabaki ya vitu hai, kwa hiyo hapajasafishwa vizuri.

Mwaka 1985 wanasayansi walifaulu kuitoa na kuinakili jeni ya lusiferasi ya kimulimuli, na mwaka uliofuata ikapandikizwa katika mmea wa tumbaku, ambao uliponyweshwa lusiferini ulitoa mwanga. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliitumia jeni hiyo katika jambo linalotugusa sana katika nchi zetu: kifua kikuu. Bakteria wa ugonjwa huu hukua polepole, na kujua dawa ipi inawaua kwa njia ya kuwaotesha maabara huchukua wiki nyingi. Watafiti hao waliwatumia virusi wanaoshambulia bakteria kuwaingizia jeni ya lusiferasi. Bakteria walio hai wakipewa lusiferini huwaka. Wakitiwa dawa inayowaua, hawawaki. Wale wanaoendelea kuwaka katikati ya dawa wamejifichua wenyewe kuwa ni sugu.

Giza linapopungua

Turudi sasa kwenye swali la wanafunzi wetu: kwa nini hawajamwona? Tulipokuwa Dar es Salaam tukisomea shahada ya uzamili, mwalimu wetu wa isimu alizoea kutukumbusha kwamba ujumbe haupotei tu pale msemaji anaponyamaza. Hupotea pia pale kelele zinapozidi. Kwa kimulimuli, kelele ni taa zetu.

Lile jike la Ulaya haliwezi kuruka kwenda kutafuta mahali penye giza. Taa ya barabarani ikiwekwa juu yake, linaendelea kuita lakini halisikiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba hata mwanga hafifu wa taa unaweza kumzuia dume kumpata jike. Kumbuka kwamba jike hali, na akiba yake ina mwisho. Kila usiku anaopita bila kujibiwa humpunguzia nguvu na mayai. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walipoulizwa juu ya hatari zinazowakabili vimulimuli, walitaja kwanza kuharibiwa kwa makazi yao, kisha mwanga wa taa na dawa za kuulia wadudu.

Mambo haya yanatuhusu. Sisi tuliokulia vijijini tunakumbuka mabonde yenye maji usiku wa msimu wa mvua, vimulimuli wakimweka juu ya majani na watoto tukiwakimbiza. Mabonde mengi leo yamelimwa, mengine yamejengwa, na mashamba hupigwa dawa. Umeme nao umefika, na tunaushukuru: mtoto anasoma usiku, mzazi anajifungulia penye mwanga. Hakuna mwenye akili atakayetaka turudi kwenye vibatari. Lakini taa ya nje inaweza kufunikwa juu ili imulike chini panapohitajika. Inaweza kuzimwa ikiwa hakuna anayepita. Na ukanda wa nyasi kando ya mto unaweza kuachwa bila kufyekwa wala kupigwa dawa. Haya hayagharimu kitu kikubwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba kimulimuli si mnyoo wala si taa ya gari. Ni mbawakawa anayekutanisha lusiferini, lusiferasi, ATP na oksijeni ili aseme neno moja kwa wakati wake: njoo, au usinile, na kwa wale wajanja, neno la uongo. Tumeona pia kwamba habari zake zote, hata zile za kemikali, zinaelezeka kwa Kiswahili bila taabu. Wanaodai kwamba lugha hii haiwezi kubeba sayansi huenda hawajaitwisha mzigo wakaona.

Kwa wanafunzi wetu tunatoa zoezi. Mvua zikianza, yeyote atakayekwenda nyumbani kijijini atoke nje usiku, aende mbali kidogo na taa, asimame kimya na kutazama. Kisha awaulize wazee jina la mdudu huyu katika lugha ya kwao na maana ya jina hilo, na atuletee idarani. Majina tutakayoyapata tutayachapisha katika jarida hili, kila moja na mahali lilipotoka. Tusingependa ifike siku ambapo neno kimulimuli litabaki kamusini likiwa na maana ya taa peke yake, na upatanisho wa -ki- ukawa ndio sahihi kwa sababu mdudu mwenyewe hayupo tena.

Mpaka hapo, tunapomtaja tukumbuke kwamba yu hai. Kimulimuli anawaka.